Kalamu kwanza: vitabu vya anayetaka kubuni fonti Temeke

Neno YANGA lina kasoro kabla hata mpira haujaanza. Mtu wa Simba atasema kasoro ni nyingi, lakini ninayoizungumzia iko kati ya Y na A. Mikono ya Y inapaa juu, miguu ya A inatanuka chini, na katikati linabaki pengo jeupe la mshazari ambalo halipo kati ya N na G. Siku ya mechi, simama nje ya Uwanja wa Benjamin Mkapa utazame stika za bajaji na fulana zinazotandazwa kandokando ya njia. Mara kwa mara utakutana na kitu kinachosomeka Y ANGA. Aliyeikata stika hiyo hakukosea tahajia. Aliandika neno kwenye kompyuta, akachagua fonti nene, akaipeleka kwenye mashine. Basi fonti ikafanya ilivyoelekezwa na aliyeibuni, au programu ikaacha kufanya ilichopaswa: Word, kwa mfano, kwa miaka mingi ilikuwa ikija na urekebishaji wa jozi za herufi ukiwa umezimwa, na wachache walikwenda kuuwasha.

Temeke, wilaya hii ya Dar es Salaam, inaandika sana. Ukitoka Tazara ukashika njia ya Chang'ombe, au ukaifuata Barabara ya Kilwa mpaka Rangi Tatu, kila ukuta unauza kitu: saruji, saluni, shule ya awali, maombi, fundi friji. Vibanda vya kuprinti mabango havikosi mteja. Kiwanda cha nguo cha Karibu kiko palepale Mbagala, na kanga bila jina lake la herufi kubwa ni kitambaa tu. Hata hivyo, karibu fonti zote zinazobeba maneno haya zilibuniwa na watu ambao hawajawahi kuandika kwa Kiswahili, na hilo linaonekana.

Linaonekana zaidi kwenye urefu wa maneno. Kiswahili hulibebesha neno moja mzigo ambao lugha nyingine huugawa kwa manne. TUNASAFIRISHA. WANAOHITAJI. UTENGENEZAJI. Bango lina upana wa mlango wa duka na halitaongezeka, kwa hiyo mtu wa grafiki anaishika fonti kwa kipanya na kuibana pande mbili hadi neno litoshee. Ukiibana hivyo, nguzo za wima zinakonda lakini vipande vya mlalo vinabaki na unene wake. Tazama herufi E iliyobanwa: mgongo mwembamba, mikono mitatu minene. Fonti nyembamba iliyochorwa makusudi kwa ajili ya maneno marefu haipati ugonjwa huo, kwa sababu mchoraji amepima nguzo na mikono upya. Hiyo ni kazi halisi inayosubiri mtu, na mtu huyo anaweza kuwa kijana wa Yombo Vituka mwenye kompyuta ya mtumba.

Kijana huyo akiuliza asome kitabu gani, majibu atakayopewa mara nyingi ni orodha ndefu isiyo na kichwa wala miguu. Maoni yangu ni kwamba vitabu vizuri vipo, na baadhi ni vya bure kabisa. Kinachoharibika ni mpangilio wa kuvisoma. Tena kuna jambo ambalo hakuna kimojawapo kitakachomwambia: mazoezi yake yote yamepimwa kwa Kiingereza, na akiyafuata neno kwa neno atapata fonti nzuri ya kuandikia Kiingereza.

Wengi huanza na kitabu cha programu. Inaeleweka: kompyuta ipo mezani, na kitabu kinachosema bonyeza hapa, vuta pale, kinaonekana ndicho cha vitendo. Lakini programu huzeeka haraka. Fontographer ilitoka mwaka 1986, ikatawala kwa muda, ikauzwa kampuni hadi kampuni, na leo anayeitumia ni wa kutafutwa. Stephen Moye aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1995, kinachoitwa Fontographer: Type by Design, na baadaye akaruhusu kisambazwe bure. Ukikifungua sasa utaona jambo la kufundisha. Kurasa zinazoeleza menyu na vitufe hazina kazi tena. Zinazoeleza kwa nini mviringo wa o lazima uzidi kidogo mstari ili macho yauone sawa na x, au kwa nini mlalo huchorwa mwembamba kuliko wima ili vionekane vina unene mmoja, bado ni sahihi kama siku zilipoandikwa. Programu moja tu ndiyo ningemshauri mgeni aisome mapema, na sababu ni pesa. FontForge, iliyoanzishwa na George Williams mwaka 2000, ni ya bure na inakubali Windows, Linux na Mac. Kompyuta ya zamani inaibeba. Ina mwongozo wake wa bure, Design With FontForge, ambao una busara ya kuanza na o na n kabla ya kitu kingine. Glyphs, ambayo wabunifu wengi wa Ulaya wanaitumia leo, inafanya kazi kwenye Mac pekee. Ukimshauri mtu wa Tandika aanze nayo, umemwambia kwanza akanunue Mac.

Kabla ya programu, kalamu.

Mwaka 1906 Edward Johnston, mwalimu wa mwandiko huko London, alichapisha Writing & Illuminating, & Lettering. Ndiye huyohuyo aliyechora herufi za treni za chini ya ardhi za London, zilizoanza kutumika 1916 na ambazo watoto wao bado wako kwenye vituo. Johnston alifariki mwaka 1944, na kitabu chake kinapakuliwa bure kwenye Project Gutenberg na Internet Archive. Ni kirefu, cha kizamani, na kina kurasa nyingi za kubandika dhahabu kwenye ngozi ambazo unaweza kuziruka bila dhambi. Zisizorukwa ni zile za mwanzo, za kuchonga kalamu. Anamfundisha msomaji kuchukua tete au mwanzi, kuukata kwa mshazari, kuuchana ncha katikati ili wino upite, kisha kuchomeka kipande chembamba cha bati chini ya ncha kiuzuie wino usidondoke kwa pupa. Ncha inabaki bapa. Ukiishika kwa pembe moja bila kuizungusha, mstari unaoshuka unatoka mnene, unaopanda kwa mshazari unatoka mwembamba, na ghafla unaelewa unene na wembamba wa herufi unatoka wapi. Haukubuniwa kwa urembo. Ni alama ya kifaa.

Hapa msomaji wa pwani ana bahati ambayo mwanafunzi wa Johnston hakuwa nayo. Kalamu ya tete haikuja na Waingereza. Vizazi vya watoto wa Mrima na visiwani walijifunza Kurani kwa kuandika juu ya ubao kwa kalamu ya namna hiyo, wakafuta, wakaandika tena. Mkato wa ncha na mwelekeo wa mkono ni tofauti, kwa sababu hati ya Kiarabu inatoka kulia kwenda kushoto, lakini kanuni ya ncha bapa ni moja. Asiye na tete achukue penseli mbili, azifunge pamoja kwa mpira wa kufungia noti, aandike neno mama kwa ukubwa wa kiganja. Atapata herufi zenye mistari miwili, na kila mahali mistari ikikaribiana ndipo wembamba ulipo. Zoezi hilo linagharimu penseli mbili na linafundisha kuliko wiki nzima ya kuvuta vinukta kwenye skrini.

Kitabu cha pili cha kalamu ni chembamba mno kwa sifa kilizonazo. Gerrit Noordzij alifundisha katika chuo cha sanaa cha The Hague, Uholanzi, na mwaka 1985 alitoa De streek, kilichotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2005 kwa jina The Stroke. Anasema mambo mawili makubwa. La kwanza, tofauti ya unene katika herufi huja kwa njia chache tu: ncha bapa inayosafirishwa bila kuzungushwa, ncha hiyo ikizungushwa, au ncha kali inayotanuka kwa kukandamizwa. Ukijua hilo, unaweza kuitazama fonti yoyote kwenye bango la Kurasini ukasema ni mtoto wa kalamu ipi. La pili ni gumu zaidi kulizoea: mwandishi hachori nyeusi, anagawa nyeupe. Uwazi ulio ndani ya n na uwazi ulio kati ya n na herufi inayofuata ni mali ya hesabu moja. Noordzij anaandika kwa ukali, hana subira na anayepingana naye, na sentensi zake nyingine inabidi zisomwe mara mbili. Ningemsoma baada ya Johnston na si kabla, maana bila kalamu mkononi kitabu hiki kinageuka falsafa.

Nyeupe hiyo ndiyo inayotupeleka kwa Walter Tracy, na kwake nitakaa.

Tracy alifanya kazi miongo mitatu katika kampuni ya Linotype Uingereza, akisimamia ubunifu wa fonti, na mwaka 1986 akaandika Letters of Credit. Ndani yake kuna sura fupi juu ya nafasi za herufi ambayo kwa maoni yangu ndiyo kurasa zenye faida kuliko zote katika fani hii. Utaratibu wake ni wa fundi. Kwa herufi kubwa anza na H na O. Kwa ndogo anza na n na o. Panga n nyingi mfululizo mpaka mdundo wa nguzo uwe sawa. Ingiza o katikati, punguza nafasi za pande zake mpaka isijitenge wala isibanwe. Ukishapata vipimo hivyo, herufi nyingine zinavirithi: h, m na u zinachukua vya n kwa marekebisho madogo, e na c zinachukua vya o upande wa mviringo. Herufi za mshazari, yaani v, w, x na y, zinapewa nafasi ndogo kabisa kila upande. Mgongo wa k unapimwa kama nguzo, lakini upande wake wa kulia, penye mikono ya mshazari, unapewa ile ndogo kabisa. Halafu kuna kikundi kidogo ambacho Tracy anakataa kukipangia kipimo: a, f, g, s, t na z. Hizo, anasema, zipangwe kwa macho.

Sasa geuza utaratibu huo kwenye Kiswahili uone kinachotokea. Herufi inayoongoza kwa wingi katika Kiingereza ni e, ambayo Tracy ameipa kipimo safi. Inayoongoza katika Kiswahili, tena kwa mbali, ni a, na hiyo iko kwenye kikundi cha macho. Neno kwa, ambalo hakuna aya ya Kiswahili inayolikosa, ni k yenye mikono ya mshazari, ikifuatiwa na w ambayo yote ni mishazari, ikifuatiwa na a isiyo na kipimo. Baada ya mgongo wa k hakuna nguzo ya kuegemea mpaka ufike ubavu wa kulia wa a. Vivyo hivyo wa, ya, vya, kwake, wakawa. Herufi ambazo vitabu vinaziweka mwisho kwa kuwa zina matata ndizo zinazojaza ukurasa wetu, na q na x ambazo vitabu vinakutaka uzichore hazimo katika maneno yetu kabisa. Wala c haitembei bila h.

Hili halikuanza na kompyuta. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 na wamisionari wa UMCA, na matbaa yao ikawa miongoni mwa za kwanza kuchapa Kiswahili kwa herufi za Kilatini. Gazeti la Msimulizi lilitoka Kiungani mwaka 1888. Herufi za risasi za siku zile ziliagizwa Ulaya, na kasha la herufi lililouzwa Uingereza lilihesabiwa kwa mahitaji ya Kiingereza: e tele, k chache, w chache. Anayepanga ukurasa wa Kiswahili kwa kasha la namna hiyo huishiwa na k angali na e za kumwaga. Leo herufi haziishi, kompyuta inatoa k kadiri utakavyo. Lakini hesabu ya Kiingereza bado imo, imehama tu kutoka kwenye idadi na kuingia kwenye nafasi.

Kwa hiyo ningemwambia mwanafunzi asome Tracy, afuate n na o kama alivyoelekezwa, kisha aache maneno ya majaribio ya vitabuni. Walimu wa fani hii wana maneno yao ya kuanzia. Huko Reading, Uingereza, ambako kuna shahada ya uzamili ya kubuni fonti tangu 1999, wanafunzi wamezoea kuanza na herufi za neno adhesion. Neno zuri, kwao. Sisi tunayo ya kwetu yamebandikwa kwenye vioo vya daladala. Mwananyamala ina m, w, a, n, y na l, na ndani yake a inakutana na w, n, y, m na l. Fonti ikilipita neno hilo bila mashimo imefaulu nusu ya mtihani. Kwa Aziz Ally inaleta K kubwa kando ya w, A kubwa kando ya z na ya l mbili, na nafasi ya maneno mara mbili. Chang'ombe inaleta ch na ng'. Yombo Vituka inaanzisha maneno kwa Y na V, zile zenye mikono iliyotanuka, kila moja ikifuatwa na herufi ndogo inayopaswa kuingia chini ya kivuli chake. Ongeza Sandali, Kijichi, Feri na Posta, na herufi zote za Kiswahili zimeshapita mezani.

Ile ng' inahitaji neno zaidi. Kwenye fonti nyingi kistari hicho cha juu kimepimwa kwa kazi ya Kiingereza, ambako hutenganisha. Kwetu kinaunganisha: n, g na hicho kidude ni sauti moja. Kikiachiwa nafasi yake ya kawaida, Chang'ombe inasomeka kama maneno mawili yaliyogombana. Mbunifu anayejua lugha atakisogeza kushoto juu ya g na kuisogeza o chini yake. Ni kazi ya dakika chache katika FontForge, na inahitaji mtu anayejua kwamba ipo.

Vitabu vinavyobaki nitavipita haraka, si kwa ubaya wao. Designing Type cha Karen Cheng, profesa katika Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle, kilitoka mara ya kwanza katikati ya miaka ya 2000 na toleo jipya likafuata 2020. Kinachukua herufi moja baada ya nyingine na kuonyesha zilivyotatuliwa katika fonti nyingi tofauti. Ukikwama kwenye mkia wa g au shingo ya r, unafungua ukurasa wake na kuona wengine walipitaje. Kukisoma mfululizo kunachosha. Ni kitabu cha kuwa nacho pembeni ya meza. Counterpunch cha Fred Smeijers, cha mwaka 1996, ni historia ya mafundi wa karne ya 16 waliochonga herufi kwenye ncha za chuma, na hoja yake inamfaa mtu yeyote aliyewahi kushika tupa: mafundi wale walitengeneza kwanza chuma cha kupigia uwazi wa ndani ya herufi, wakakigonga, ndipo wakapunguza nje. Nyeupe ilitangulia nyeusi, yaani hoja ya Noordzij lakini kwa nyundo. Fundi aliyepita chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe atakielewa kitabu hicho upesi kuliko mtu wa grafiki. Type Tricks cha Sofie Beier, cha 2017, ni kidogo, kina michoro mingi na maneno machache, na ndicho ningempa mtu ambaye Kiingereza kinampa shida. Shida hiyo si ndogo, maana vitabu vyote nilivyovitaja mpaka hapa vinasomwa kwa Kiingereza.

Kuna kitabu kimoja kinachotajwa kila mara Mwafrika anapouliza swali hili: Afrikan Alphabets cha Saki Mafundikwa, Mzimbabwe aliyeacha kazi New York, akarudi Harare na kuanzisha chuo cha usanifu cha ZIVA. Kilitoka mwaka 2004. Kinakusanya hati za bara hili: Vai ya Liberia, Bamum iliyobuniwa na Mfalme Njoya wa Kamerun, Nsibidi na nyinginezo. Nakipenda, na nadhani kila shule ya sanaa ingekuwa nacho. Ila kisichukuliwe kwa kisicho. Hakifundishi kuchora fonti, na anayekinunua kwa lengo hilo atarudi na picha nzuri na mikono mitupu. Tena kuna mtego ndani ya kukipokea vibaya. Kijana anakisoma, kisha anachora herufi za Kilatini zenye pembetatu na madoadoa, anaziita za Kiafrika. Herufi zenye pembetatu zimejaa kwenye mabango ya watalii, na hakuna mtu Temeke anayeziandikia tangazo la saruji. Uafrika wa fonti ya Kiswahili, kama neno hilo lina maana, uko kwenye jinsi inavyoibeba Mwananyamala.

Hati ya Kiarabu, ambayo Kiswahili kiliandikwa nayo karne nyingi kabla ya Steere, inastahili uchambuzi wake yenyewe. Mwenye nia aanze na Arabic Typography cha Huda Smitshuijzen AbiFarès, cha 2001, akijua kwamba Kiswahili kinadai herufi za ziada kwa p, v na ch, na kwamba kalamu yake ya tete hapo ndipo itakapomlipa. Na asiyeandika Kiswahili tu ana madai mengine. Kirangi cha Kondoa kina i na u zenye kistari katikati, Kikuyu kina i na u zenye wimbi juu, na Wairaqw wa Mbulu wanatumia mkwaju kama herufi kamili. Mtu wa Kirangi akileta kadi ya harusi steshenari, fonti ya mapambo aliyoichagua ikikosa herufi hiyo, kompyuta inaazima ya fonti nyingine, na jina la bibi harusi linatoka na herufi moja ngeni katikati. Hakuna kitabu cha kumwokoa hapo. Kinachomwokoa ni mbunifu aliyekumbuka kuichora.

Hivyo vitabu vinapatikana wapi? Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, na inafaa kuanzia kwa sababu moja ambayo watu hawaifikirii: vitabu na magazeti ya zamani ya Kiswahili. Ukitaka kujua neno kwa lilikaaje lilipopangwa na fundi wa risasi aliyelipanga maelfu ya mara, fungua vitabu vya miongo iliyopita na utazame kwa lenzi. Wauza vitabu vya mitumba wa Posta hawana rafu ya fani hii, lakini vitabu vya usanifu huja na mizigo, na anayepita mara kwa mara huokota. Kuagiza kipya kutoka Marekani au Uingereza ni kulipa kitabu na kulipa safari yake, na safari mara nyingine inakaribia bei ya kitabu. Internet Archive huazimisha baadhi ya vitabu vyenye hakimiliki kwa saa moja moja kwenye skrini, ingawa tangu ishindwe kesi na wachapishaji huko Marekani rafu hiyo imepungua sana. Kopi za wizi zinazunguka kwenye simu, kila mtu anajua. Mtu anayetaka kesho auze fonti yake na asiibiwe ana sababu yake mwenyewe ya kutozizoea.

Lakini kuna aina nyingine ya kitabu ambayo haiuzwi, nayo ni fonti yenyewe. Shirika la SIL limetoa fonti kadhaa kwa leseni huria inayomruhusu mtu yeyote kuzifungua, kuzichunguza, kuzibadili na kuzisambaza, mradi asiiuze fonti peke yake wala asiliibe jina lake. Mojawapo ni Gentium, ya Victor Gaultney. Nyingine imepewa jina la Kiswahili, Andika, na ilichorwa kwa ajili ya wanaoanza kusoma: a yake ni ya duara na nguzo kama inavyoandikwa darasani, na I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 hazifanani. Ifungue ndani ya FontForge. Tafuta dirisha la vipimo, andika kwa, uone namba walizoipa k upande wa kulia na w pande zote mbili. Andika Chang'ombe. Badilisha namba uone neno linavyovunjika, zirudishe. Halafu fungua fonti nene yoyote ya leseni huria inayopendwa na wakata stika, ufanye hivyohivyo. Saa mbili za kazi hiyo, ukiwa umeshasoma sura ya Tracy, zinafundisha kitu ambacho Tracy mwenyewe hakuweza kukiweka kwenye karatasi, kwa kuwa karatasi haisogei.

Kinachokosekana baada ya hapo si kitabu. Ni jicho la pili. Reading na The Hague zinauza, pamoja na maktaba zao, mwalimu anayesimama nyuma yako na kusema a yako imelala. Temeke mtu huyo yupo, ila hana cheo: ni mzee aliyepaka mabango kwa brashi kabla ya mashine, aliyejifunza kupunguza nafasi ya Y na A kwa sababu ukuta ulikuwa mfupi na rangi ilikuwa ghali. Mpelekee karatasi uliyoprinti kwa ukubwa wa mlango. Hatajua neno fonti linahusu nini kwenye faili lako, lakini ataweka kidole palipo na shimo.

Na mwenye pesa ya kitabu kimoja tu, kwa kuwa swali hilo ndilo huulizwa mwishoni, asinunue cha programu wala cha picha. Johnston ampakue bure, mwongozo wa FontForge aupakue bure, pesa aitunze kwa Letters of Credit cha mtumba. Akipata ya kitabu cha pili, Karen Cheng. Noordzij aazime kwa mtu, maana waliomnunua wengi wao hawajammaliza.